Mjumbe na Mlango wa Tatu

Temeke, Jumapili alasiri

Mwanangu Hawa,

Najua utashangaa kuandikiwa barua na mtu unayelala naye chumba kimoja. Asubuhi tumekunywa chai pamoja, na magharibi utarudi kutoka Keko ulikokwenda kumuaga shangazi yako, tutakula pamoja. Lakini tangu juzi najaribu kukwambia jambo moja, na kila nikifungua mdomo linatoka neno la soksi. Mara soksi, mara blanketi, mara umeweka wapi picha za pasipoti. Mwenyewe ulicheka ukasema, "Mama, mbona leo soksi zimekuwa ishu kubwa hivyo?" Basi nimechukua daftari lako la zamani, kurasa za nyuma ambazo hukuziandika, nikajifungia.

Ya soksi yameisha. Ya kula, ya kulala na ya wavulana sitayagusa, maana niliyokufundisha yamekuingia na ambayo hayakuingia hayataingia leo. Nina habari ya Mjumbe.

Kesho alfajiri tutakuwa stendi ya mabasi Ubungo, na tiketi hatujakata. Ndani ya begi lako mna barua mbili za kukubaliwa masomo: moja ya chuo cha ufundi kule Arusha, wanakofundisha umeme na mitambo, nyingine ya uhazili, Dodoma. Umesema unakwenda Dodoma. Nilipokuuliza sababu ulinijibu huku unakunja kanga, bila hata kuniangalia: "Mama, mie na mashine tulishaachanaga. Si unajua mwenyewe?" Najua, mwanangu. Najua zaidi kuliko wewe, na sitaki ukate tiketi kabla hujajua ninachokijua.

Nianze mbali kidogo, univumilie.

Unakumbuka nilivyokuwa mwaka ule kiwanda cha vitenge kilipouzwa. Wewe ulikuwa kidato cha pili. Miaka kumi na moja nilikuwa msoma geji pale Chang'ombe, kwenye chumba cha boila. Kila nusu saa nasimama, nasoma mshale, naandika namba kwenye fomu, nakaa. Watu walidhani ni kazi ya kijinga. Mimi niliipenda. Nilipenda kuwa mtu wa kwanza kujua mvuke umepanda au umeshuka, kabla ya msimamizi, kabla ya mkurugenzi na tai yake. Na kuna swali lililokuwa likinisumbua sikuwahi kumwambia mtu: kati ya nusu saa na nusu saa, mshale unafanya nini? Nilikuwa nikigeuka ghafla kuutazama, kama mtu anayetaka kumfuma mwizi.

Siku moja sikuusoma. Tulikuwa tunapiga soga na wenzangu, harusi ya mtu fulani, nani kavaa nini, nusu saa ikafika nikaandika namba ile ile ya nusu saa iliyopita. Nikaona ni kitu kidogo. Mvuke ulikuwa umeshuka. Vitenge vya zamu ile vilitoka na mabaka, rangi haikushika, na aliyeulizwa ni kijana wa kwenye mapipa ya rangi, kwa sababu fomu yangu ilionyesha boila iko salama. Walimhamishia stoo. Nilinyamaza. Nilijiambia angehamishwa tu, hata hivyo. Nakutajia hili ili ujue kwamba mama yako hakujifunza kunyamaza siku moja.

Kiwanda kikauzwa, tukapewa mkono wa kwaheri, nikaanza kuwapikia mafundi wa gereji wali na maharage. Hapo ndipo nilipojua maji ni nini. Ukiwa na mshahara, maji ni ya kuoga. Ukiwa mama lishe, maji ndiyo kazi yenyewe.

Ndipo siku moja ukaingia na boksi la sabuni kichwani. Ulikuwa unahema, umetembea kutoka shuleni kwa kuogopa lisigongwe kwenye daladala. Ulisema Mwalimu Komba, mwalimu wenu wa fizikia, amekuazima kitu kilicholetwa na wafadhili pamoja na madawati na vitabu vya Kifaransa ambavyo hakuna aliyejua kuvisoma. Kilikuja bila maelekezo na shule haikuwa na betri. Mwalimu alikwambia, "Wewe muulizaji sana, kamuulize huyo."

Ukakitoa. Kiduara cheupe, ukubwa wa sahani ya pilau, magurudumu matatu chini, vitufe mgongoni. Mshale wa mbele, wa nyuma, wa kushoto, wa kulia, tarakimu, kitufe cha kusubiri, na chekundu cha kuanza. Nyuma kina vitundu viwili vya kuchomeka nyaya. Ulisema kinaitwa roboti. Mimi nilidhani roboti ni lijitu la bati lenye macho, nikacheka. Tukatoa betri nne kwenye redio yangu, tukamtia. Ukabonyeza mbele, tatu, chekundu. Akaenda hatua tatu na kusimama. Hawa, sijui kama uliniona. Nilikaa chini sakafuni na kitenge changu kizuri. Miaka kumi na moja nilisoma mashine zikinieleza hali zao, na hii ilikuwa ya kwanza kunisikiliza.

Tulimchezea wiki nzima. Wewe ndiye uliyegundua kazi ya vile vitundu viwili. Ukimwambia "subiri", anatulia hadi nyaya za nyuma ziguse, kisha anaendelea na hatua zilizobaki. Uligusanisha nyaya, akaenda. Ukaziachanisha, akatulia. Ukaniuliza, "Mama, kama nyaya zikiguswa na kitu kingine, siyo mimi? Kitu ambacho sikijui mpaka kitokee?" Nilikuwa nachambua mchele. Nikasema bila kufikiri, "Kama bomba la uani." Ungejiona mwenyewe jinsi ulivyonyanyuka.

Sasa hili unalijua, lakini nataka kuliandika kwa sababu nalipenda. Nyumba yetu ina vyumba sita na bomba moja, na bomba halina ratiba. Desturi yetu tuliikuta kwa wenyeji: anayelisikia kwanza hachoti kabla hajapiga hodi kwa wote. Na bomba la hapa halitoi maji ghafla. Kwanza linakohoa. Linapumua upepo dakika nane, kumi, ndipo maji yanakuja. Sote tulikuwa tunajua, lakini wewe peke yako ndiye uliyefikiri kwamba kikohozi ni habari, na habari inaweza kuingia kwenye waya.

Ulikata kipande cha mfuko wa nailoni, ukabandika karatasi ile inayong'aa ya ndani ya paketi ya sigara, ukakining'iniza mdomoni mwa bomba. Bomba likipumua, kipande kinapeperuka na kugusanisha ncha za nyaya mbili. Nyaya zikapitishwa juu ya ukuta wa uani hadi kwenye mlango wa korido, alipokaa Mjumbe. Kijiko cha chai ulikifunga mbele yake kwa mpira wa madaftari, kiwe cha kugongea: mbele moja, nyuma moja, mara tatu, ndiyo hodi yake.

Siku ya kwanza alikwenda chooni. Siku ya pili aligonga ukuta mara tatu kwa heshima zote na kurudi. Ulipima korido kwa hatua zake mwenyewe, ukiwa umepiga magoti, ukaniambia rula haifai kwa sababu yeye hajui sentimita, anajua mwendo wake tu. Uliupata ule ufa wa saruji mbele ya chumba cha Mzee Mponda, unaomvuta gurudumu kushoto, ukauziba kwa sabuni ya kipande. Na siku ya tatu alifika kwa Mzee Mponda, ko, ko, ko. Tukamsikia mzee ndani: "Karibu. Nani?" "Nani wewe usiyejibu?" Mlango ukafunguliwa, mzee akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akatazama chini. Akainama, akakigusa kijiko. Kisha akasema, "Tangu nihamie nyumba hii mjumbe wa nyumba kumi hajawahi kunifuata mlangoni mpaka siku za kura. Huyu ndiye mjumbe." Jina likashika hapo hapo.

Upepo ukatudanganya mara mbili. Kipande kilipepea, Mjumbe akapita milango yote, watu wakatoka na ndoo, bomba kavu. Nilitaka kukwambia basi, watu watakuchukia. Wewe ukachukua kopo la maziwa, ukalitoboa pande zote mbili, ukakiziba kipande kisiguswe na upepo wa nje. Halafu ukamwongezea hatua: nyaya zikigusa, asiondoke. Asubiri kidogo, asikilize tena, zikigusa mara ya pili ndipo aende. Nilikuuliza kwa nini umsumbue. Ukasema, "Anayeuliza mara moja anaweza kudanganywa, mama." Nililipenda neno hilo nikawasimulia mafundi wa gereji. Sikujua litakuja kunichoma mimi.

Basi, mwezi mzima nyumba ikawa na raha ambayo haijawahi kuwa nayo. Na pia, bila mtu kuona, ikapoteza kitu. Zamani maji yakija mtoto huyu anapiga kelele, mama yule anagonga dirisha, mtu akisinzia ataamshwa na yeyote. Mjumbe alipokuja, sote tukaacha. Kila mtu aliposikia hodi yake alichukua ndoo akaenda kimya kimya, akijua na mwenzake amegongewa. Tulimkabidhi desturi yetu yote, halafu tukasahau kwamba nasi tuliwahi kuwa na midomo.

Sasa nafika.

Mjumbe alikuwa na tatizo moja, nalo ni la betri. Zilikuwa za redio yangu, na redio nilikwenda nayo gereji kila asubuhi maana mafundi walitaka habari na mpira. Betri zikitoka, Mjumbe anasahau kila kitu. Kwa hiyo ulinifundisha. Uliniandikia hatua zote kwenye karatasi, ukaibandika nyuma ya mlango, na kila siku saa nane nikirudi naweka betri na kumwingizia hatua moja moja, wewe bado uko shuleni. Nilijivunia. Mafundi wa gereji niliwaambia, "Nyie mnachezea spana, mie nafundisha roboti."

Na mlango wa tatu ulikuwa wa Mama Zuhura.

Wewe ulimwita mama mdogo. Alikufundisha kusuka ukili, alikuficha nilipotaka kukuchapa kwa kuunguza maharage. Alikuwa anafua nguo za watu, na hasa mashuka ya gesti moja ya jirani, ndiyo yaliyomlisha. Alikuwa anaamka alfajiri kukusanya nguo, na mchana baada ya chakula analala usingizi wa kufa. Kwenye foleni ya bomba alikuwa na ndoo nane. Mimi nina ndoo tano na sufuria. Maji yalikuwa hayafiki saa nzima. Mara nyingi yeye akimaliza, mimi nachota tope.

Nilimkasirikia kwa hilo, sikatai. Lakini haikuanza kwa hasira, na nataka uniamini hapa. Siku ile, Jumanne, nimekaa korido namwingizia Mjumbe hatua, nikafika kwenye mlango wa tatu: mbele sita, kulia, gonga, kushoto, mbele tano. Kidole kikasita. Nikajiuliza, hivi kama nikisema mbele kumi na moja, atapita tu? Atajua kwamba kuna mtu pale? Sita na tano ni kumi na moja, hesabu ya darasa la kwanza. Nikaandika kumi na moja. Nilitaka kuona. Ndivyo ilivyoanza, kwa mtu mzima anayetaka kuona.

Saa tisa bomba likakohoa. Mjumbe akaondoka. Mlango wa kwanza, wa pili, halafu akapita mbele ya mlango wa Mama Zuhura moja kwa moja, akaenda kwa Mzee Mponda. Sitakuficha: nilifurahi. Nilifurahia kwamba nimempanga mimi, bila karatasi yako, na amenisikia. Kisha nikachukua ndoo zangu. Zote zikajaa, maji masafi. Mama Zuhura aliamka foleni imefika mwisho, akapata ndoo mbili. Alicheka akasema, "Leo Mjumbe wenu kanisahau jamani."

Uliporudi ukamjaribu. Akaruka mlango wa tatu. Nilikutazama ulivyoshtuka. Ukatoa betri, ukamwingizia upya mwenyewe kutoka kwenye karatasi, akagonga. Ukaniuliza, "Mama, uliingiza zote?"

Nikasema, "Niliingiza zote."

Jumatano nikamruka tena. Nilishajua inawezekana, hakukuwa na cha kuona. Nilitaka maji. Jioni ukang'ang'ana na korido, unapima, unafuta, unaweka sabuni nyingine kwenye ufa. Mama Zuhura akakuletea andazi akakwambia, "Usihangaike mwanangu, hata binadamu anasahauga." Nikamwona anakushika kichwa. Nikaona wivu, Hawa. Wivu mtupu, wa mtoto wangu kushikwa kichwa na mtu niliyemwibia. Sijui kama kuna wivu wa ovyo kuliko huo. Ukaniuliza mara ya pili, "Mama, una hakika uliingiza zote?" Wewe uliyesema anayeuliza mara moja anaweza kudanganywa. Nikakudanganya mara ya pili pia.

Alhamisi nikamruka kwa sababu ya lile andazi.

Kumbe mashuka ya gesti yalikuwa yanatakiwa Ijumaa asubuhi, kulikuwa na wageni wa harusi. Siku tatu hakuwa amepata maji ya kutosha. Ijumaa walikuja kuchukua, wakayakuta kwenye beseni na povu lake. Kazi wakampa mtu mwingine. Na ulipotoka shule akakukuta korido, akakwambia yale maneno. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Mtoto wa kike, kama hukutaka nichote ungenambia. Siku tatu? Mlango wangu tu? Umenifunza adabu." Ukapiga magoti. Ukasema, "Nisamehe mama mdogo, hesabu zangu mbovu." Akakupita.

Hatua tatu zilikuwa kati yangu na wewe. Nilikuwa na muda wa kusema. Nilirudi ndani nikageuza maharage.

Mwisho wa mwezi Mama Zuhura akahamia Mbagala. Wewe ukamfunga Mjumbe kwenye boksi lake, ukamrudisha, ukamwambia Mwalimu Komba huna akili za mashine. Mwalimu alinifuata hadi gereji kunieleza, akala wali wangu, akasema, "Mama Hawa, yule mtoto anaogopa kitu. Mie sikubali aache fizikia." Nikamwongezea maharage. Ni yeye aliyekulazimisha ukafanya mtihani, na ni yeye aliyekujazia fomu ya Arusha. Mimi niliongeza maharage.

Miaka mitatu, mwanangu. Redio ikiharibika unasema, "Ipeleke kwa fundi, mie ntaiua." Pasi ya jirani ikikatika waya, unakaa mbali nayo. Niliona. Kila mara nilijiambia mtoto akikua atasahau. Hukusahau, ulikua tu ukiwa na hofu hiyo.

Usidhani nakuandikia uende Arusha. Labda uhazili ni mzuri, una vidole vyepesi na mwandiko wa kueleweka, na mtu anaweza kuishi vizuri bila kugusa waya hata mmoja. Nisichotaka ni wewe kuchagua maisha yako kwa hesabu niliyoichezea mimi. Kitu nilichojifunza kwenye boila, nikakisahau, nikakijua tena korido, ni kidogo sana: mashine haijui nani yuko nyuma ya mlango. Inakwenda ilikoambiwa. Anayeandika hatua ndiye anayewajua watu. Wewe ulipopima ile korido ulikuwa ukisema, hapa kwa Mzee Mponda, hapa kwa mama mdogo, hapa kwa wale wapangaji wanafunzi wa ufundi. Ulikuwa unataja watu. Mimi niliingiza namba. Kama utagusa mashine tena au hutagusa, hilo la kutaja watu ulikuwa nalo kabla yangu na sikukufundisha mimi. Na bado najiuliza mambo. Je, angekuwepo mtu wa pili wa kusoma kile nilichoingiza, ningethubutu? Nadhani nisingethubutu. Lakini ungemwekaje mtu wa kumchunguza mama yako? Hilo swali sina jibu lake, labda wewe utalipata.

Jana nilikwambia nakwenda Kariakoo kutafuta soksi. Nilikwenda Mbagala.

Nilimkuta uani anafua. Kule hakuna bomba, anasubiri mikokoteni ya maji. Nikamsalimu, nikakataa kigoda, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia ile kumi na moja. Hakunikatiza. Nilipomaliza alinipa ncha moja ya shuka, akashika ya pili, tukalikamua, yeye anasokota kulia, mimi kushoto, maji yanatiririka miguuni mwetu. Akalianika. Ndipo akasema, "Mie nilimnunia mtoto wa watu miaka mitatu. Alikujaga huku na sukari siku ya Idi, sikumfungulia. We ulikuwa unakula nini ukaweza kunyamaza?"

Sikujua kama ulikwenda na sukari. Hukuwahi kuniambia.

Nikamwambia anisamehe. Akasema, "Wewe tutamalizana siku nyingine, nina hasira na wewe ya kutosha na leo nina nguo. Yule mtoto anasafiri lini?" Nikamwambia kesho kutwa, alfajiri, Ubungo.

Anakuja, Hawa. Kesho ataondoka Mbagala kabla ya adhana ili akuwahi. Alisema yeye ni mtu mzima na alimpigisha magoti mtoto asiye na kosa, hivyo lazima akuombe radhi kwa mdomo wake na uso wake. Sikutaka usikie kwake kabla hujasikia kwangu, ndiyo maana barua hii utaikuta juu ya begi. Nitakuwa uani. Ukitaka kunifokea, njoo unifokee, nitakaa. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, ila chakula kipo.

Nilipokuwa naondoka alinifuata hadi barabarani na mikono ya povu. Alitaka kujua pale Ubungo akusubiri dirisha gani, la basi la Dodoma au la Arusha. Nikamwambia sijui, na wewe mwenyewe bado hujui, kwa kuwa hakuna aliyekwambia kwamba hesabu zako zilikuwa sawa.

Sasa nimekwambia.

Mama yako